Nina siku moja Mwanza, nimpeleke binti Makumbusho ya Bujora?

mama_wawili:
Habarini wapendwa. Mwezi ujao tunakuja Mwanza kwenye harusi tukitokea Dar, na tutabaki na siku moja ya bure kabla ya kurudi. Binti yangu yuko form two, anapenda kuchora mpaka daftari la hesabu limejaa picha pembeni, sasa kila nikimuuliza habari za sanaa ananitajia wachoraji wa Ulaya tu, nikasema ngoja aone na ya kwao maana bibi yake ni Msukuma wa Magu kabisa. Nimesikia kuna Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, ila shemeji zangu wanasema kule ni ngoma na zana za kale tu, bora twende Saanane tukaangalie wanyama. Mliowahi kwenda mnasemaje? Na bibi magoti yanamsumbua, ataweza?

ngosha_wa_igoma:
Karibuni sana Mwanza dada. Bujora sio mbali, kama kilomita 20 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, daladala za Kisesa zipo nyingi, mkishuka Kisesa mnachukua boda mpaka juu. Ila kwa sababu ya bibi kodini taksi au bajaji iwafikishe mpaka ndani, pale ni kilimani na mawe mawe, asitembee ile njia. Wekeni asubuhi, jua la mchana kule sio mchezo na mengi ya kuona yako nje.

rangi_na_mkaa:
Mama, mimi nimesoma sanaa Butimba na Bujora nimeenda kuchora mara nyingi, kwa hiyo hapo kwenye "ngoma na zana tu" naomba niseme kidogo. Ni kweli usitegemee kuta zenye picha za fremu. Sanaa ya pale iko kwenye majengo na vitu vyenyewe. Mfano banda la ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, jengo zima limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, yaani unaingia ndani ya kiti, na humo ndani ndio ngoma zenyewe zimekaa, na sio za kutazama tu, sikukuu za kanisa na wageni wakubwa wakija zinapigwa hadi leo. Mwambie binti asogee karibu aangalie mbao ilivyochongwa na ngozi ilivyowambwa, halafu achore moja tu taratibu, atajifunza kuliko kupiga picha hamsini za simu. Na ufikirie kwamba utemi ulifutwa 1963, vitu kama hivi vingeweza kupotea kabisa.

Halafu kanisa, msilipite. Ni la duara kama nyumba ya Kisukuma na mapambo ya Kisukuma ndani, lilijengwa 1958 na padri David Clement, Mkanada wa Quebec, huyo huyo ndiye aliyeanzisha makumbusho. Kwa mtoto anayejua Ulaya tu hilo kanisa litamfungua macho sana, ataona mtu wa mbali alivyokuja akajifunza umbo la hapa badala ya kuleta la kwao.

mayu_kabula:
Naunga mkono, na bibi mpeni nafasi aongee jamani! Kuna kitu kama pipa kubwa linalozunguka, linaonyesha Wasukuma walivyokuwa wanahesabu moja mpaka kumi, kila rika na namna yake. Mama yangu alipoliona alianza kuhesabu kwa sauti, watoto wakaacha simu wenyewe. Kuna nyumba ya mganga pia, ya nyasi, pale muongozaji ana maelezo mengi, msimharakishe.

bugobogobo255:
Mimi ningesema kama mnaweza kusogeza safari mje kipindi cha Bulabo, sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi mwezi wa sita. Vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, wanashindana kucheza kwa wakati mmoja, anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi, kuna wanaocheza na majembe kuna wanaocheza na nyoka. Sanaa ya Msukuma ni mwili unaocheza, ngoma iliyonyamaza bandani ni nusu ya habari.

rangi_na_mkaa:
Mkuu hapo kwenye nusu ya habari nakubali, ila siku ya Bulabo umati ule mtoto hawezi kukaa achore wala bibi hapati pa kukaa. Waanze na siku tulivu, Bulabo waje mwaka mwingine.

mama_wawili:
Asanteni sana, nimeshaamua ni Bujora. Bibi nimemsomea hapa tangu saa ile anatafuta kitenge cha kuvaa. Kuchora ndani wanaruhusu?

rangi_na_mkaa:
Muombeni muongozaji ruhusa mkifika tu, sisi hatukuwahi kukataliwa. Abebe penseli laini na kibao cha kuegemezea karatasi, rangi za maji aache nyumbani, upepo wa pale juu utamsumbua. Na mbebe keshi ya kiingilio.