A Ghost Story: je, mwendo wake wa polepole una maana au unawachosha watazamaji bure?

Swali

Salaam ndugu zangu. Naomba maoni ya waliokwisha kuitazama A Ghost Story, filamu ya Marekani ya mwaka 2017 iliyoongozwa na David Lowery, ambamo Casey Affleck ni mume anayefariki katika ajali ya gari na kurudi nyumbani akiwa amefunikwa shuka jeupe lenye matundu mawili ya macho, na Rooney Mara ni mke anayebaki. Tuliitazama pamoja nyumbani, na kabla haijafika katikati wengine walikuwa wameshaondoka sebuleni wakilalamika kwamba hakuna kinachotokea, ilhali waliobaki walikaa kimya mpaka mwisho na hawakutaka hata kuzungumza. Sijawahi kuona filamu ikiwagawa watu wa nyumba moja kiasi hicho. Je, mwendo ule unabeba jambo ambalo lisingeweza kusemwa kwa njia nyingine?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, wanaosema filamu hii ni ya polepole wameipima nusu yake tu. Ni kweli kwamba mke anakaa sakafuni jikoni akila pai aliyoletewa kwa karibu dakika 5, kamera imetulia, na marehemu amesimama pembeni bila uwezo wa kumgusa hata bega. Hapo ndipo wengi huondoka. Lakini baadaye kidogo tunamwona mke huyo huyo akitoka mlangoni, kisha akitoka tena, kisha tena, bila picha kukatwa, na tunatambua kwamba zimekwisha kupita siku kadhaa. Akishahama, miaka inakimbia: familia inayozungumza Kihispania inaingia na kuondoka, wengine wanafanya sherehe, nyumba inabomolewa, na mahali pake linainuka jengo refu la ofisi, yote hayo kwa muda mfupi kuliko tulivyotarajia.

Kwa maoni yangu, pai ile ndiyo kipimo. Kwa aliyefiwa, alasiri moja haiishi. Kwa marehemu, miongo inapita akigeuza shingo. Kama mwongozaji angeifupisha ile alasiri ikawa nusu dakika, tusingekuwa na chochote cha kulinganisha na kasi inayofuata, na kuondoka kwa mke kungetupita bila kutuuma.

Jibu la pili

Nakubaliana nawe kuhusu pai, ila siwalaumu walioondoka. Mtu akisikia jina la filamu na kuona shuka lile, anajiandaa kwa filamu ya kutisha, naye anakuta hofu kidogo sana, labda pale tu vyombo vinaporushwa mbele ya mama na watoto wake.

Kinachonikera mimi ni ile hotuba ya mgeni kwenye sherehe, anayeigizwa na Will Oldham, ambaye anaeleza kwa kirefu kwamba hata muziki wa Beethoven utatoweka siku ulimwengu utakapokoma. Filamu iliyotuamini tukae na ukimya inaanza ghafla kutufafanulia kwa mdomo yale tuliyokwisha kuyaona kwa macho. Nimeizungumza na watu wengi, na baadhi yao wanaona hotuba hiyo ndiyo kiini cha filamu. Mimi ningeiondoa yote.

Jibu la tatu

Naomba kuongeza jambo ambalo watazamaji wa huku kwetu huliona upesi. Ule mwendo haunishangazi. Upweke wa yule mwanamke ndio unaonishangaza. Kwetu matanga yangeijaza nyumba ile, watu wangelala mikekani na kupika, wala mjane asingeachwa ale peke yake sakafuni. Tena mjane Mwislamu, asiye na mimba, hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, kwa hiyo huzuni yake ina muda unaojulikana na watu wote. Mke katika filamu hii hana wa kumwambia lini aanze kutoka na lini ahame, na nadhani ndiyo maana mwongozaji analazimika kutuonyesha muda wenyewe ukipita.

Vilevile msimsahau yule mzimu wa nyumba ya jirani, mwenye shuka la maua, anayesema kwamba anamsubiri mtu ingawa hamkumbuki ni nani. Nyumba zinapobomolewa anasema haoni kama watakuja, na papo hapo shuka linaanguka tupu. Kwangu, maneno yale machache yamezidi hotuba nzima ya sherehe.

Jibu la kwanza, tena

Dada, umesema kweli, na mfano wako wa jirani unanisaidia kumjibu mwenzetu. Mgeni yule anadai kwamba kila tunachoacha kitapotea, lakini marehemu anaendelea kukwangua rangi ya ukutani akitafuta kijikaratasi ambacho mkewe alikificha kabla ya kuhama. Anakipata mwishoni, anakisoma, na hapo hapo anatoweka. Sisi hatuonyeshwi kilichoandikwa. Kwa hiyo hotuba ile siichukulii kuwa ni kauli ya filamu, bali ni hoja ya mtu mmoja ambayo filamu yenyewe inaendelea kubishana nayo. Anayetaka kuitazama na wenzake awaeleze mapema kwamba ni kisa cha msiba, na wale wanaotafuta hofu wachague filamu nyingine.