Notepad++, VS Code au Sublime: ipi haipotezi mafaili?

steshenari_Ngamiani: Wakuu, mwezi ujao naongeza kompyuta hapa kibandani, nataka programu moja ya kuandikia. Vijana wanaandika, wanafunga, kesho faili halionekani. Kati ya hizo tatu, ipi inaweka mafaili mahali pa kueleweka?

BintiRaskazone: Windows au Linux? RAM kiasi gani? Na wanaandika nini? Hujasema hata kimoja.

mzee_kipanya: Notepad++, ulale. Nyepesi, ya bure, na juu kabisa ya dirisha imeandika anwani nzima ya faili. Sublime itakukumbusha kila mara ununue leseni.

Fundi_Chumbageni: Faili lililoseviwa liko pale ulipolisevu, programu yoyote ile. Balaa ni yasiyoseviwa. Notepad++ inayaweka %AppData%\Notepad++\backup, VS Code %AppData%\Code\Backups. Folda ya AppData imefichwa, kwa hiyo bonyeza Windows+R, bandika anwani, Enter.

MwanaPangani: Hiyo backup isiwadanganye. Ofisi moja niliyokuwa nafanya kazi, katibu aliandika mihtasari yote ya vikao kwenye Notepad++ bila kusevu. Vichupo vimejipanga "new 1", "new 2", mpaka havisomeki. Kila asubuhi akifungua anavikuta, basi karidhika. Akaletwa mtaalamu kupiga Windows upya. Akanakili Desktop na Documents, akafuta diski. Tulipowasha, Notepad++ nyeupe pee! Mtaalamu anasema, "Mama, mbona nimeokoa kila kitu?" Waja leo waondoka leo, ndiyo mihtasari ile.

mzee_kipanya: Sasa hapo Notepad++ imekosa nini? Ina nakala kila sekunde 7, hata umeme ukikatika.

MwanaPangani: Nakala iliyo diski ileile ni nakala gani?

steshenari_Ngamiani: Samahanini, nilikuwa na wateja. Windows 10, RAM GB 4. Wanaandika barua za maombi ya kazi na mikataba ya viwanja.

BintiRaskazone: Barua?! Tunabishana tangu mchana kumbe ni barua! Hizo tatu hazikufai hata moja, mkataba utaupigia mstari na kuukoleza vipi? Weka LibreOffice Writer, ni ya bure.

Fundi_Chumbageni: Na Windows 10 ilishaachwa kuhudumiwa tangu Oktoba 2025.

mzee_kipanya: Msimtie hofu. Anunue UPS kwanza, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika.

steshenari_Ngamiani: UPS ya mtumba hapa mjini nitaipata wapi?

MwanaPangani: Ya mtumba betri imeshakufa, kaka.

mzee_kipanya: Betri inabadilishwa. Ninayo moja, njoo inbox.