Mrejesho: bandama la mdogo wangu, kumbe ni Gaucher

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kuhusu mdogo wangu: bandama limevimba, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) ziko chini, damu inamtoka puani, na vipimo vya saratani ya damu havionyeshi kitu.

Mliosema tusikimbilie kulitoa bandama, tupime kwanza kimeng'enya cha glukoserebrosidazi (protini inayovunja mafuta fulani ndani ya seli), asanteni sana. Ni kipimo cha damu tu. Kimeng'enya kilikuwa chini mno, na kipimo cha jeni ya GBA1 kikathibitisha: Gaucher aina ya 1, ugonjwa wa kurithi. Seli huvunja sfingolipidi (aina ya mafuta) hatua kwa hatua. Kimeng'enya cha hatua moja kikipungua, mafuta ya hatua hiyo hulundikana ndani ya makrofaji (seli za kinga zinazomeza taka), nazo hujazana kwenye bandama, ini na uboho wa mifupa.

Sasa anawekewa dripu ya kimeng'enya kila baada ya wiki 2. Bandama limepungua, chembe sahani zinapanda, pua imetulia. Nyonga ndiyo bado inamsumbua: MRI ilionyesha sehemu ya mfupa imeshakufa, na dripu hairudishi hiyo.

Aliyetaja vidonge vya eliglustat, dawa nyingine ya Gaucher: kabla ya kuvianza hupimwa jeni ya CYP2D6. Yake ilionyesha mwili unaiondoa dawa haraka kupita kiasi, hivyo havimfai.

Mnaokuja baadaye, pimeni na ndugu wa mgonjwa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji (wana nakala moja ya jeni yenye kasoro, lakini hawaugui), kila mtoto ana uwezekano wa 25% wa kuugua. Mimi nimepima, ni mbebaji tu. Mbarikiwe.