Tarehe na saa kwenye grafu ya joto la friji ya chanjo zinanivuruga, naombeni msaada

MtunzaStoo:
Wakuu habari za jioni. Nipo zahanati moja huku mikoani, nasimamia chanjo pamoja na mambo mengine lukuki. Friji yetu ina kifaa kidogo kinachorekodi joto kila nusu saa. Mwisho wa mwezi nakichomeka kwenye kompyuta, kinatoa faili la CSV, yaani maandishi matupu yanayotenganishwa kwa alama ya mkato. Mratibu anataka grafu ya mwezi mzima ionyeshe kama tumebaki kati ya nyuzi 2 na 8, na panapotoka nje ya hapo nieleze kisa chake.

Natumia Excel. Data ni ya Aprili 2025 peke yake, lakini nikifungua faili siku za mwanzo zinasomeka 4 Januari, 4 Februari, 4 Machi, hivyo hivyo mpaka 4 Desemba. Kuanzia tarehe 13 zinakuwa sawa ila zimeegemea kushoto mwa seli. Nimebadilisha fomati kuwa dd/mm/yyyy hadi nimechoka. Kuna wakati badala ya tarehe ikatoka 45720, sijui ni nini.

La pili ndilo linaninyima usingizi. Usiku wa tarehe 14 umeme ulikatika saa 5, mlinzi kaandika kwenye daftari na mimi mwenyewe nilipigiwa simu. Kwenye kumbukumbu za kifaa, joto linaanza kupanda 20:30. Mratibu kaniuliza iweje friji ipate joto kabla umeme haujakatika, na kama ni mbovu niseme mapema. Sina la kumjibu.

Mzee_wa_Jedwali:
Mkuu, fomati iache kwanza, huko unajichosha bure.

Excel haihifadhi tarehe, inahifadhi namba: hesabu ya siku, ambapo 1 ni tarehe 1 Januari 1900. Hiyo 45720 yako ni 4 Machi 2025. Saa nayo ni kipande cha siku: 0.25 ni saa 12 asubuhi, 0.5 ni saa 6 mchana. Fomati ni nguo tu inayovalishwa namba. Ukibadilisha nguo, mwili unabaki ule ule, na wako umekosewa tangu faili lilipofunguliwa.

Kompyuta yako iko kwenye mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Kifaa kimeandika 03/04/2025 kikimaanisha tarehe 3 Aprili, Excel ikasoma mwezi wa 3 tarehe 4. Ilipofika 13/04/2025 ikatafuta mwezi wa 13, haikuuona, ikaacha seli kama maandishi. Maandishi hukaa kushoto, namba hukaa kulia. Ndiyo dalili ya kwanza ya kuangalia, hata kabla ya kuchora chochote.

Dawa: usifungue CSV kwa kubofya mara mbili. Fungua kitabu kipya, nenda Data, kisha "From Text/CSV", chagua faili, bonyeza "Transform Data". Bofya kulia kichwa cha safu ya tarehe, "Change Type", halafu "Using Locale". Chagua aina ya tarehe na saa, na lugha chagua Kiingereza cha Uingereza, maana wao kama sisi huanza na siku. Ikiwa Excel imeshaweka hatua ya "Changed Type" yenyewe pale pembeni, ifute kwanza, vinginevyo unatibu kilichokwisha haribika.

Mtoto_wa_Ubungo:
Achana na Excel, tumia lugha ya programu ya Python. Mistari mitatu tu unamaliza.

Mzee_wa_Jedwali:
Mtu ana foleni ya akina mama na watoto nje, wewe unamwambia asakinishe Python.

MtunzaStoo:
Mzee shikamoo, na asante sana. Hatua ya "Changed Type" kweli ilikuwepo, nimeifuta. Sasa zote ni Aprili na zote ziko kulia.

Nimechora grafu ya mstari, imekuja na mpya: kila siku ina mstari wa wima unaopanda na kushuka pale pale, halafu unarukia siku inayofuata. Siioni saa yoyote. Nimeweka fomati ya hh:mm kwenye mhimili, lebo zote zinaandika 00:00.

Binti_Pwani:
Hapo ni aina ya grafu, kaka. Grafu ya mstari ya Excel ikiona tarehe inaweka mhimili wa tarehe, na mhimili huo kipimo chake kidogo kabisa ni siku. Haujui saa. Vipimo vyako 48 vya siku moja vyote vinasimikwa juu ya nukta ile ile, ndiyo maana unaona wima. Na lebo zinaandika 00:00 kwa sababu kwake kila siku ni namba nzima isiyo na kipande.

Wengine watakwambia ubadilishe mhimili uwe "Text axis". Mistari itakunjuka kweli, lakini usifanye hivyo. Mhimili wa maandishi unapanga vipimo kwa foleni, kimoja baada ya kingine, bila kujali muda uliopita katikati. Kifaa kikiishiwa betri kwa muda wa saa sita nzima, grafu itaunganisha kabla na baada kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa friji ya chanjo huo ni uongo wa hatari.

Chukua "Scatter" yenye mistari isiyo na vidoti. Hiyo inasoma namba kama zilivyo, na kipande cha siku kikiwemo. Kasoro yake ni kwamba itakupangia mhimili kwa namba za ajabu. Bofya mhimili mara mbili uuweke mwenyewe. Chini weka 45748, ambayo ni 1 Aprili saa sita usiku. Juu weka 45778, ambayo ni 1 Mei. Hatua kubwa weka 5, ndogo weka 1. Huna haja ya kukariri namba: andika tarehe kwenye seli tupu, badilisha fomati iwe "General", itajitaja.

Fomati ya lebo andika d mmm. Ukitaka miezi itoke kwa Kiswahili andika [$-441]d mmmm, utapata "6 Aprili". Hiyo 441 ni namba ya Kiswahili kwenye orodha ya lugha za Microsoft.

Kwa ule usiku wa tarehe 14 tengeneza grafu ya pili, maana mwezi mzima kwenye karatasi moja hauonyeshi masaa. Chini 45761, juu 45762.5, hatua 0.125 ambayo ni saa tatu tatu, fomati d mmm hh:mm. Angalizo hapo: Excel inatumia mm kwa mwezi na kwa dakika. Ikiifuata h au ikitangulia ss ni dakika, kwingine kote ni mwezi. Ukiandika mm peke yake ukitarajia dakika, utapata 04 mwezi mzima.

MtunzaStoo:
Dada umeniokoa, grafu ya mwezi imetulia. Ya tarehe 14 nayo imekubali, na joto linapanda 20:30 vile vile. Kwa hiyo swali la mratibu bado liko mezani.

Namba_Hazidanganyi:
Fungua CSV kwa Notepad utuandikie mistari michache ya juu kama ilivyo, hasa ule wa vichwa.

MtunzaStoo:
Mstari wa vichwa unasema: Date Time (UTC), Temp C. Halafu 01/04/2025 00:00, 4.6. Halafu 01/04/2025 00:30, 4.5.

Namba_Hazidanganyi:
Kesi imekwisha. UTC ni saa ya marejeo ya dunia, sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. 20:30 ya kifaa ni 23:30 ya hapo ulipo, yaani saa 5 na nusu usiku. Umeme umekatika saa 5, nusu saa baadaye joto linaanza kupanda. Friji yako haina kosa na mlinzi wako ni mkweli.

Weka safu mpya: =A2+3/24, ivute mpaka chini, grafu isome hiyo. Safu ya mwanzo usiifute, iache na jina lake, ili mwakani mtu mwingine asiongeze saa tatu juu ya saa tatu. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Kuna kitu kimoja watu husahau. Ukisogeza saa tatu, data yako ya "Aprili" inaanza 1 Aprili saa 9 usiku na kumalizikia 1 Mei. Yale masaa matatu ya mwanzo yako kwenye faili la Machi, kuanzia 31 Machi saa 21:00 ya UTC. Ukitoa data kwenye kifaa, chukua kuanzia siku moja kabla.

Mkazi_wa_Ughaibuni:
Nyie shukuruni. Tanzania, Kenya na Uganda ni +3 mwaka mzima. Mimi niko Uingereza, tarehe 30 Machi 2025 saa ziliruka kutoka 01:00 hadi 02:00, na kila mwaka bosi anauliza kwa nini grafu ina pengo. Ikifika Oktoba saa moja inajirudia, vipimo vinapandana.

Mwana_wa_Lubumbashi:
Ndugu zangu, huku kwetu Katanga, Kongo, ni +2, sawa na Rwanda na Burundi. Kinshasa ni +1. Anayenakili fomula ya hapo juu asinakili na ile 3.

Mtoto_wa_Ubungo:
Kwa wale wa Python, maana najua mpo: to_datetime mpeni format="%d/%m/%Y %H:%M" na utc=True, kisha tz_convert("Africa/Dar_es_Salaam"). Msiiache pandas (maktaba ya kusoma data) ikisie mpangilio wa siku na mwezi. Mkiweka DateFormatter kwa mkono kwenye matplotlib (ya kuchora grafu) mpeni na tz, yaani ukanda wa saa, la sivyo data iko sawa lakini lebo zinarudi UTC kimyakimya. Na %m ni mwezi, %M ni dakika.

Mzee_wa_Jedwali:
Hilo la tz ni kweli, nakupa haki yako.

MtunzaStoo:
Mungu awabariki. Swali la mwisho kabla sijawachosha. Nina daftari la mlinzi na fomu ya joto ya asubuhi na jioni, zote zimeandikwa saa zetu: "saa 2:00 asubuhi", "saa 10:15 jioni", "saa 7:40 usiku". Nataka nizipandishe juu ya grafu hiyo hiyo kama vidoti. Nabadilishaje bila kupiga vidole kwa kila mstari?

Binti_Pwani:
Tenga safu tatu: A tarehe, B saa kama ilivyoandikwa (2:00, 10:15, 7:40), C neno. Mchana unaongeza saa 6, usiku unaongeza 18. Alfajiri iandike "usiku" kwenye safu C. Kisha:

=A2+B2+IF(C2="usiku",18,6)/24

Saa 2:00 asubuhi inakuwa 08:00, saa 10:15 jioni inakuwa 16:15. Saa 7:40 usiku inakuwa 01:40, na tarehe inasogea mbele yenyewe. Kwa mlinzi wako ndivyo inavyotakiwa, ikiwa anaandika tarehe aliyoingia zamu. Kama anageuza tarehe ikifika saa sita usiku, tumia hii:

=A2+MOD(B2+IF(C2="usiku",18,6)/24,1)

Muulize kwanza. Mlinzi mwingine akiandika "usiku wa Jumatatu" anamaanisha wa kuamkia Jumatatu, na hakuna fomula itakayojua hilo. Mistari ya saa 12 asubuhi ipitie kwa macho, fomula itaipeleka 18:00.

Kijana_wa_Tanga:
Kwa nini msiondoe saa 6 kwenye data nzima, grafu isome saa zetu moja kwa moja? Toa 0.25, weka fomati h:mm AM/PM, inakuja saa 2 asubuhi kama tunavyosema.

Namba_Hazidanganyi:
Itakuja 2:00 AM, na saa 2 usiku itakuja 2:00 PM. Wewe mwenyewe utaelewa, mratibu atakupigia simu. Grafu ikienda wilayani ibaki saa 24, kwenye kichwa andika "saa za Afrika Mashariki". Ya kubandika ukutani kwa ajili ya wahudumu, fanya upendavyo.

Kijana_wa_Tanga:
Mimi nilikuwa nasemea ya ukutani, lakini sawa.

Mzee_wa_Jedwali:
Nyongeza mbili. Mistari ya mpaka: ongeza mfululizo wenye nukta mbili tu, 45748 na 45778, zote thamani 8. Rudia kwa 2. Pili, ukijumlisha masaa ya kukatika umeme kwa mwezi, fomati iwe [h]:mm. Ukitumia h:mm ya kawaida, saa 27 zitaandikwa 3:00, na hapo ndipo maswali yanapoanza upya.

MtunzaStoo:
Nimemaliza na nimetuma. Mratibu kajibu "sawa", kwake hiyo ni sifa kubwa. Vidoti vya fomu vimekaa juu ya mstari karibu vyote.

Ila baada ya kusogeza saa nimeona jambo. Kila Jumanne kuanzia saa 4 asubuhi joto linapanda kwa karibu nyuzi mbili, linashuka kwenye saa 7 mchana. Zamani lilikuwa linasomeka kuanzia saa 1 asubuhi, wakati zahanati ndiyo kwanza inafunguliwa, nikawa namlaumu mfagiaji kwamba anachomoa waya. Jumanne ndiyo kliniki ya watoto.

Binti_Pwani:
Basi ni mlango. Toa chanjo za siku nzima kwa mara moja asubuhi, ziweke kwenye kibebeo chenye barafu iliyoandaliwa, friji ifungwe. Jumanne ijayo chora siku hiyo peke yake, hatua 0.0416667, ambayo ni saa moja moja. Na kamwombe radhi mfagiaji.