Magari ya wagonjwa vijijini: tubaki na injini isiyo na turbo, au tuhame?

Mtoa mada

Wakuu, naleta hoja hii kwa sababu fedha ni zetu na wagonjwa ni wetu. Kwa miaka mingi gari la wagonjwa la vijijini Tanzania limekuwa Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ: silinda 6, lita 4.2, haina turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosti ili kuisukumia injini hewa zaidi), pampu ya dizeli ni ya kimakanika. Sasa Land Cruiser hiyohiyo inapatikana na injini ya 1GD: silinda 4, lita 2.8, turbo na kompyuta. Kila yanapotajwa magari mapya ya afya nasikia kauli ileile, "turbo ni ugonjwa, tuleteeni 1HZ." Mimi siikubali, na nitasema kwa nini.

Tuanze na milima. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Njombe inakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ile 1HZ yenye nguvu farasi kama 130 pale Dar es Salaam, ikifika Njombe imebaki na kama 105, na bado imebeba mgonjwa, muuguzi, ndugu wawili na mtungi wa oksijeni. 1GD ina nguvu farasi 200 hivi, torki yake (nguvu ya kuzungusha) ni Nm 450 hadi 500 kutegemea giaboksi, wakati 1HZ ina 285. Na huko juu turbo inazunguka kasi zaidi kufidia hewa iliyopungua, kwa hiyo injini haichoki kama mwenzake.

Jambo hili si geni. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alisajili hataza ya turbo mwaka 1905. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Marekani, zaidi ya mita 4,200. Injini hiyo chini ilikuwa inatoa nguvu farasi 350. Kileleni bila turbo ilitoa 230. Ilipofungwa turbo ilitoa 356, palepale kileleni. Mtu wa wilaya za milimani kama Makete au Mbulu anapaswa kuzijua namba hizi kuliko mtu yeyote.

Hofu ya turbo nayo ina historia, na siibezi. Oldsmobile Jetfire ya 1962, moja ya magari mawili ya kwanza ya kawaida kuuzwa na turbo, ilihitaji dereva ajaze kichupa cha maji yaliyochanganywa na methanoli ili injini isigonge. Watu hawakujaza, na magari mengi yaliishia kung'olewa turbo. Turbo za miaka iliyofuata zilichelewa kuamka: unakanyaga mafuta, unasubiri, halafu gari linaruka. Na ukizima injini ikiwa ya moto, oili iliyobaki kwenye beringi iliungua ikawa masizi magumu, shafti ikaanza kula.

Matatizo hayo yamefanyiwa kazi kwa dhati. Nyumba ya beringi kwenye turbo nyingi sasa inazungukwa na maji ya kupozea, kwa hiyo oili haiungui kirahisi. Pale moshi unapoingia kwenye turbini kumewekwa mabawa madogo yanayojigeuza: injini ikizunguka polepole yanabana njia ili moshi upige kwa kasi, ikichangamka yanafunguka. Ndiyo maana turbo ya leo inaamka mapema, kwenye mizunguko ambayo gari la wagonjwa linaitumia kwenye matope. Toyota ilipoitoa 1GD mwaka 2015 ilieleza kuwa turbo yake imepunguzwa ukubwa kwa takriban asilimia 30 kuliko iliyotangulia. Gurudumu dogo ni jepesi, linashika kasi haraka.

Msimamo wangu: tuhame. Karibuni.

Fundi, Liwale

Ndugu mtoa mada, darasa nimelielewa na sibishani na fizikia. Sasa njoo karakana.

Hiyo mabawa unayoisifu inakaa ndani ya moshi. Gari la wagonjwa huku linakaa sailensa muda mrefu, yaani injini inawaka bila kwenda, linasubiri mgonjwa ashushwe, linasubiri karatasi, na injini ikiwa baridi inatoa masizi. Masizi yanajenga kwenye mabawa mpaka yanagoma. Yakigoma yamefunga, turbo inasukuma hewa kupita kiasi. Yakigoma yamefunguka, gari halina nguvu. Kompyuta ikiona hivyo inalikata gari nguvu lijilinde, na hapo umebaki njiani na mgonjwa. Mabawa yanageuzwa na mota ndogo ya umeme, na mara nyingi mota hiyo haiuzwi peke yake. Ikiuzwa, lazima ipangwe na mashine, na mashine hiyo huku hakuna.

Halafu umesema turbo, turbo, kana kwamba gari linakuja na turbo pekee. Turbo ya leo inakuja na nozeli (vinyunyizio vya dizeli) za kompyuta zinazofanya kazi kwa mgandamizo wa zaidi ya baa 2,000. Dizeli yetu, kituo kikikauka, inatoka kwenye madumu. Maji kidogo tu, nozeli zimekwisha. 1HZ ikipata maji namwaga, nasafisha, nabadili filta, natoa hewa kwa mkono, tunaondoka. Nimeshafanya hivyo usiku kwa tochi ya simu, na mama aliyekuwa na uchungu akafika Nachingwea.

Liwale si mlima. Hizo asilimia 20 za Njombe mimi sizipotezi.

Dereva mstaafu, Makete

Nimeendesha gari la wagonjwa miaka mingi kwenye barabara za huku. Anachosema mtoa mada kuhusu mlima ni kweli tupu. Gia ya pili, mguu sakafuni, moshi mweusi nyuma, na mgonjwa anakuuliza tumefika wapi. Kwenye kona za kupanda ukikutana na lori umekwisha, maana ukipunguza mwendo huupati tena.

Lakini hakuna anayetaja kushuka. Injini kubwa ya lita 4.2 ukiiweka gia ndogo inakushikilia, breki unazigusa tu. Hii ya lita 2.8 itanishikilia? Mimi naogopa kushuka kuliko kupanda.

Mtoa mada

Mzee shikamoo. Kwenye kushuka lita 4.2 inashinda, hilo halina ubishi, kwa sababu kinachokushikilia pale ni ukubwa wa silinda na mgandamizo wake. Malori makubwa yenye turbo ya mabawa huyabana mabawa hayo makusudi ili moshi uzuiwe na injini ivute nyuma, ila hayo ni malori. Kwa gari la wagonjwa, anayenunua lenye injini ndogo ajue kwamba pedi na diski za breki zitabadilishwa mara nyingi zaidi, na aziandike kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Fundi, hoja yako ya kwamba turbo haiji peke yake ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa. Lakini ione vizuri: unacholalamikia zaidi ni nozeli na kompyuta. Toyota hiyohiyo mwaka 1990 ilikuwa na 1HD-T: lita 4.2, turbo, pampu ya kimakanika, nguvu farasi kama 165. Fundi wa aina yako aliifungua na kuifunga bila kompyuta. Kwa hiyo turbo na urahisi viliwahi kuishi nyumba moja. Kilichovitenganisha ni sheria za moshi za nchi tajiri, ambako kiwanda kinauza magari mengi. Sheria hizo zina sababu yake, hewa chafu inaua. Ila sisi tumeletewa matokeo yake bila kuletewa karakana zake.

Mchangiaji, Arusha

Kwani kuna shida gani kufunga turbo kwenye 1HZ? Waaustralia wanafanya hivyo miaka mingi. Nunueni 1HZ, fungeni turbo ndogo, kila mtu afurahi.

Fundi, Liwale

Inawezekana kwa gari la mtu binafsi, dereva ni mwenyewe na jicho liko kwenye kipimo cha joto la ekzosti. 1HZ haikusanifiwa kwa turbo. Dizeli inaanza kuungua kwenye kijichumba pembeni ndani ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda), na ukiongeza hewa na dizeli joto linapanda pale. Ukizidisha kidogo, hedi inapasuka au pistoni inayeyuka. Gari la serikali lina madereva watatu kwa zamu. Hapana.

Afisa manunuzi (sitaji halmashauri)

Nawasoma kwa makini. Niseme jambo moja ambalo mafundi na madereva huwa hawalioni. Gari linanunuliwa kwa fungu la maendeleo au linaletwa na mfadhili. Oili, filta na matairi vinatoka fungu la matumizi ya kawaida. Mafungu haya hayaji siku moja, na la pili ndilo linalochelewa. Nimeona gari jipya limepitisha service mara mbili si kwa uzembe wa mtu, bali kwa sababu fedha ya oili haijaingia. Kwa 1HZ hilo lilivumilika. Mtoa mada, kwa turbo inakuwaje?

Mtoa mada

Swali lako ndilo linalonikosesha usingizi kuliko mabawa na kompyuta.

Shafti ya turbo ya gari dogo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na nyingine zinapita 200,000. Kwa kasi hiyo chuma hakigusi chuma. Shafti inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichakaa ikawa nzito, au tundu dogo linaloileta likaziba kwa masizi, utando unakatika na shafti inakula beringi kwa muda mfupi sana. Magurudumu yanagusa kuta, vipande vya kompresa (gurudumu linalosukuma hewa) vinaingia kwenye injini, oili inavuja inaungua, unaona moshi wa bluu. Ukifungua utaambiwa "turbo imekufa". Turbo hiyo imeuawa. Ndiyo maana ukifunga turbo mpya bila kusafisha bomba la oili na kubadili oili, hiyo mpya nayo inafuata njia ileile, na watu wanasema ni feki.

Chujio la hewa ni hivyohivyo. Vumbi letu likipita kwenye chujio lililochanika linalamba mapezi ya kompresa kama msasa.

Kwa hiyo jibu langu kwako, afisa: gari lenye turbo lisinunuliwe kwa fungu moja. Oili ya daraja sahihi, filta za dizeli zenye kitenga maji, filta za hewa na pedi za breki za miaka mitatu ziingizwe kwenye mkataba uleule wa ununuzi, zilipwe siku gari linapolipwa, zikae mkoani. Mfadhili anayetoa gari bila oili yake aambiwe kwa heshima kwamba ametoa nusu. Salfa kwenye dizeli tulishaipunguza, kiwango cha Afrika Mashariki kilishushwa hadi 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) mwaka 2015, kwa hiyo hatuanzi sifuri. Karakana za TEMESA, wakala wa serikali unaotengeneza magari yake, ziko mikoani. Kinachokosekana ni mashine ya kusoma makosa, fundi aliyefundishwa kuitumia, na haki ya kununua ile mota ya mabawa peke yake badala ya turbo nzima. Hilo la mwisho serikali ina nguvu ya kulidai, maana inanunua magari mengi kwa pamoja. Mimi na wewe tukilidai dukani tutachekwa.

Na nakubaliana na fundi kwamba Liwale si Makete. Hakuna sheria inayosema nchi nzima iendeshe injini moja. Wilaya za nyanda za juu zianze.

Fundi, Liwale

Hapo sasa tunaongea. Nitaongeza matatu kwenye mkataba wako. Mafunzo yawe ya fundi wa wilaya, si ya bosi wake anayekwenda kwenye semina. Mashine ya kusoma makosa ikae wilayani, si mkoani, kwa sababu gari lililokatwa nguvu haliwezi kuifuata. Na dereva afundishwe kuacha injini ikae sailensa dakika moja mbili baada ya kupanda mlima kabla hajazima, hata kama nyumba ya beringi ina maji.

Makete wapeni turbo. Mkiona miaka mitatu imepita na magari yale bado yanapanda mlima, njooni Liwale na karatasi zenu za service, tuzikague pamoja. Kabla ya hapo, niachieni 1HZ.

Dereva mstaafu, Makete

Marahaba, kijana. Basi andikeni na pedi za breki, kwa idadi.