Mrejesho: Lile gitaa la Epiphone Les Paul

Wakuu, niliuliza kama nijinyime hadi nipate Gibson Les Paul au nichukue Epiphone, nduguye wa bei nafuu. Nimechukua Epiphone, la mtumba. Mlisema nisikimbilie kubadili pikapu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi za gitaa, si gari!), na kweli. Uzi wa G (wa noti ya G) nikiuvuta ulikuwa haurudi sawa kwenye sauti yake. Kumbe unabanwa kwenye kile kipande cha plastiki juu ya shingo, pale nyuzi zinapopita. Nikapaka unga wa penseli, ukatulia siku mbili tu. Fundi akaweka cha mfupa, akachonga mifereji taratibu, tatizo kwisha. Kisha fundi redio akalehemu potenshiometa mpya (vile vifaa vilivyo chini ya vitufe vya kuzungusha vya sauti) za kilo-omu 500. Pikapu zile zile, ila nikipunguza sauti haizimi ghafla tena. Gibson itangoje kwanza.