Naomba ushauri: neno "shoga" nilipange wapi?

Ndugu wanajamvi, niko Mtwara, ninaandika tasnifu kuhusu maneno ambayo wanawake hujitambulisha kwayo mitandaoni. Kwa kuwa kiambishi "a-" hakitaji jinsia, ninategemea dalili nyingine: "nimeolewa", "wifi", au lile "mwaya" linalolainisha ukali, kama muuza vitenge anayemjibu mteja, "Bei ni hiyohiyo, mwaya."

Kinachonitatiza ni "shoga". Mama yangu, mtu wa Mikindani, humwita hivyo rafiki yake wa kike bila wasiwasi wowote, ilhali wasichana wa rika langu huandika "shosti", kwa sababu wengi siku hizi hulichukulia neno "shoga" kuwa la mwanamume anayependa wanaume. Je, nilichukue kuwa alama ya uanamke, au nitenganishe kwanza umri wa waandishi? Na wanaume wanaoandika "mwaya" (wapo, hasa wauza nguo za kike) niwaweke wapi?